Nusu Tani au Robo Tatu Tani? Kuchagua SUV Kubwa ya Safari za Familia Marekani

Asubuhi tuliyokuwa tunatoka Fort Worth kwenda harusini Minneapolis, shemeji alilizunguka gari letu mara mbili, akainama nyuma, akasimama na kucheka. "Shemeji, gari lako linaangalia mbinguni."

Ilikuwa kweli. Nyuma lilikuwa limekaa, pua imeinuka. Ndani tulikuwa wanane: mimi, mke wangu, mama mkwe na watoto watano. Juu ya keria kulikuwa na sanduku la mizigo, na nyuma tumefunga tela dogo la kukodi lililojaa viti na masufuria ya pilau, kwa kuwa waandaaji walishasema kwamba masufuria ya kule hayatoshi. Safari yenyewe ni karibu maili 1,000, nyingi zikiwa juu ya barabara moja, I-35.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta cha malori, tukapanda mizani. Tulikuwa tumezidisha pauni 200 na kitu juu ya kile gari linachoruhusiwa kubeba. Masufuria yakahamia kwa shemeji, na mimi nikaanza kutafuta gari kubwa zaidi. Miezi ile ya kutafuta ilinifundisha kwamba wengi wetu tunaouliza "1500 au 2500?", namba za Chevrolet na GMC za nusu tani na robo tatu tani, tunadhani tunauliza kuhusu ukubwa. Hatuulizi ukubwa. Tunauliza uzito.

Majina haya yana maana gani

Tani ya Kimarekani ni pauni 2,000, yaani kama kilo 907. Zamani gari la nusu tani lilikuwa la kubeba pauni 1,000, na la robo tatu tani pauni 1,500. Leo gari la nusu tani hubeba zaidi ya hapo, ila jina limeng'ang'ania, kama daladala: nani siku hizi anapanda kwa dala, yaani shilingi tano? Kwa hiyo ukisikia "nusu tani" usichukue kalamu kupiga hesabu. Chukulia kwamba ni daraja la gari, basi.

Kwenye daraja la nusu tani wapo Chevrolet Suburban na ndugu yake GMC Yukon XL, Ford Expedition Max, Toyota Sequoia, Nissan Armada na Jeep Wagoneer L. Mengi ya haya unaweza kuyakuta mapya au yaliyotumika.

Robo tatu tani ni ukoo uliokwisha. Suburban 2500 na Yukon XL 2500 ziliuzwa kwa wateja wa kawaida hadi toleo la mwaka 2013. Ford Excursion, iliyojengwa juu ya chasisi ya malori madogo ya Super Duty, ilidumu kuanzia toleo la 2000 hadi 2005. Baadaye, 2016 hadi 2019, ilikuwepo Suburban 3500HD, lakini hiyo ilikuwa ya mashirika na serikali. Ukichagua robo tatu tani, basi, umechagua pia gari lenye umri. Likumbuke hilo tunapoendelea.

Njia rahisi ya kuyatofautisha ukiwa kwenye yadi: hesabu nati za tairi. Suburban 1500 ya miaka hiyo ina sita, 2500 ina nane. Excursion nayo ina nane. Mwuzaji anaweza kubandika alama yoyote mlangoni, nati hazibandikwi.

Vigezo nilivyotumia

Nimeyapima yote mawili kwa mambo matano: uzito linaoweza kubeba, nafasi ya watu na mabegi, hali ya safari yenyewe ndani ya gari, gharama ya mafuta na matengenezo, na umri pamoja na usalama. Uwezo wa kuvuta tela nimeuweka ndani ya uzito, kwa sababu utakayoiona hapa chini.

1. Uzito

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapokosea.

Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo. Kwenye magari ya tangu 2006 hivi kuna kibandiko kinachosema jumla ya watu na mizigo isizidi pauni kadhaa. Namba hiyo ni ya gari hilo hilo ulilolishika, siyo ya tangazo. Gari lenye paa la kioo, viti vya umeme na magurudumu makubwa hubeba pungufu kuliko mwenzake wa bei nafuu, kwa sababu mapambo nayo yana uzito. Kwenye magari ya zamani zaidi, chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa hapo hapo mlangoni, kisha pima gari tupu kwenye mizani ya malori na utoe.

Letu la nusu tani kibandiko kilisema 1,565. Sasa tazama jinsi zilivyoisha. Watu wanane, mdogo akiwa na pauni 38 na mimi 190, tulifika 935. Viti viwili vya watoto, 35. Mabegi manane, 280. Sanduku la barafu na chakula cha njiani, 90. Mama mkwe hasafiri bila maandazi. Keria na kilichomo, 130. Mpaka hapo ni 1,470, bado tuko salama. Lakini tela lenye pauni 2,500 haliishii kuvutwa tu. Kichwa chake kinakalia ndoano ya gari. Kanuni ya kawaida ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela hukaa juu ya gari. Letu lilituongezea pauni 300. Jumla 1,770.

Ndiyo maana sikuupa uwezo wa kuvuta kichwa chake cha habari. Tangazo la Suburban ya nusu tani litakuambia inavuta karibu pauni 8,000, na ni kweli, kama ndani kuna dereva na mtu mmoja wawili. Tela la kulala la pauni 6,000 huweka pauni 600 hadi 900 juu ya ndoano. Toa hizo kwenye 1,565 uone wamebaki watoto wangapi.

*Nusu tani:* SUV kubwa nyingi za daraja hili hubeba kati ya pauni 1,500 na 1,800. Familia ya watu sita na mabegi, bila tela, haitafika huko. Watu wanane na tela dogo wanagusa ukingo. Na watoto hukua: yule wa pauni 38 siku moja atakuwa na 140, wala kibandiko hakitabadilika kumfuata.

*Robo tatu tani:* Suburban 2500 ina uzito wa juu unaoruhusiwa wa pauni 8,600. Ukitoa uzito wake yenyewe, mara nyingi hubaki zaidi ya 2,200 za watu na mizigo. Kuvuta, inakaribia 9,600. Ukilinganisha, pengo la kuvuta si kubwa kama jina linavyotisha. Pengo la kubeba ndilo linalonunuliwa. Ila tahadhari moja: Excursion ya dizeli yenye 4x4 peke yake hupita pauni 7,000 ikiwa tupu, na ruhusa yake ni 9,200. Injini ile nzito na chasisi ile vinakula sehemu ya mzigo wenyewe. Watu huinunua wakiamini inabeba nyumba, kumbe kwa watu na mabegi inaweza isiizidi sana nusu tani nzuri.

2. Nafasi

Nitasema kwa kifupi: Suburban 1500 na 2500 za kizazi kimoja ndani ni gari moja. Bodi ile ile, viti vile vile, buti ile ile. Niliwahi kumwona baba mmoja akiingia na kutoka kwenye magari mawili yaliyoegeshwa sambamba, akimwapia mkewe kwamba la 2500 ni pana zaidi. Macho yalikuwa yanaona bei.

*Nusu tani:* Magari mapya yana faida halisi hapa. Kuanzia toleo la 2021, Suburban iliacha ekseli ngumu ya nyuma, kila gurudumu la nyuma likawa linapanda na kushuka peke yake, na sakafu ikashuka. Mtu mzima sasa anaweza kukaa safu ya tatu bila magoti kumgusa kidevu. Safu hiyo pia hujikunja chini ikawa sakafu bapa.

*Robo tatu tani:* Safu ya tatu iko juu ya ekseli, sakafu imeinuka, miguu haina pa kwenda. Kwa watoto chini ya miaka kumi na miwili haina neno. Kwenye Suburban za 2007 hadi 2013, kiti cha nyuma hakijikunji kikalala. Unakibeba kwa mikono unakitoa nje, na ni kizito. Excursion ni ndefu zaidi, karibu mita 5.8, na nyuma ya safu ya tatu bado kuna mahali pa mabegi ya kweli. Ila ile ya 4x4 ina kimo cha karibu inchi 80, na maegesho mengi ya ghorofani huandika futi 6 na inchi 8, ambazo ni inchi hizo hizo 80. Weka keria juu, utalipia maegesho ya nje kila mji.

Zote mbili zinaweza kupatikana na benchi mbele, watu tisa jumla. Ukiwa na watoto watatu wa viti maalumu, peleka viti vyako ukavijaribu ndani kabla hujasaini chochote.

3. Safari yenyewe

*Nusu tani:* Springi za koili nyuma, tairi za gari dogo zenye upepo wa kawaida. Linateleza. Mtoto analala Oklahoma City anaamkia Wichita. Ukilijaza mpaka ukingo, tabia hubadilika: nyuma huzama, taa zinamulika matawi, na kwenye upepo wa ubavuni tela linaanza kucheza na mkia wa gari. Kansas, hasa ile nyasi tupu kati ya Wichita na Emporia, hakuna mti wa kukukinga. Tela likianza kuyumba pale, mikono inatoka jasho wakati wa baridi.

*Robo tatu tani:* Springi za majani nyuma, zile bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine kama za malori, na tairi zenye alama ya LT zinazojazwa upepo mwingi. Likiwa tupu linadunda. Safu ya tatu, ambayo iko nyuma kabisa, ndiyo inayodunda zaidi, na mtoto mwenye kichefuchefu atakueleza hivyo kwa vitendo. Lipakie watu wanane na tela, ghafla gari linatulia, kama punda aliyepewa mzigo wake halali. Upepo ule ule wa Kansas hulisukuma, lakini haliyumbishwi kirahisi.

Swali la kujiuliza, kwa hiyo, ni siku ngapi kwa mwaka gari hilo litakuwa limejaa. Sisi, tukihesabu vizuri, zilikuwa siku kumi na mbili. Siku nyingine zote ni shule, kazini, kanisani na kununua unga.

4. Mafuta na matengenezo

*Nusu tani:* Suburban 1500 ya 2013 ilikadiriwa rasmi maili 15 kwa galoni mjini na 21 barabara kuu. Mpya zenye dizeli ya lita 3.0 hupita hapo. Udhaifu unaojulikana sana kwa mafundi ni ule mfumo wa kuzima baadhi ya silinda ili kubana mafuta, uliowekwa kwenye V8 ya lita 5.3 kuanzia 2007. Sehemu zake ndani ya injini zikichoka, bili si ya mchezo. Sikiliza injini ikiwa baridi asubuhi, kabla mwuzaji hajaiwasha kukukaribisha. Na kwa yale mapya yenye V8 ya lita 6.2 ya 2021 hadi 2024, General Motors iliyaita magari mengi mwezi Aprili 2025 kwa ajili ya hitilafu ya ndani ya injini. Ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama wa barabarani, uone kama kazi imefanyika.

*Robo tatu tani:* Kwa miaka mingi magari yanayozidi pauni 8,500 hayakulazimika kuonyesha makadirio ya mafuta dukani, kwa hiyo usishangae kukosa namba rasmi. Wenye nayo hukaa kati ya maili 10 na 15. Tupige mfano: maili 1,000, moja inakula kwa 18 na nyingine kwa 13. Ya kwanza galoni 56, ya pili 77. Galoni 21 za ziada, kwa dola tatu na nusu, ni kama dola 74 kwa kwenda tu. Si msiba kwa safari moja. Ni mwaka mzima wa kwenda shule ndio unaouma.

Tairi za LT ni ghali zaidi. Dizeli ya lita 7.3 kwenye Excursion za mwanzo inakunywa oili kwati 15 kila unapobadilisha. Kwa upande mwingine, injini ya lita 6.0 ya Suburban 2500 haina ule mfumo wa kuzima silinda, na gia boksi lake lilijengwa kwa mzigo mzito. Mafundi wengi hulipenda. Angalizo la Excursion: dizeli ya lita 6.0 iliyofuata ile ya 7.3 ina sifa mbaya ya gasketi na kipoza moshi; usiinunue bila karatasi za matengenezo mkononi.

5. Umri na usalama

*Nusu tani:* Unaweza kupata la mwaka huu, lenye kamera ya nyuma (lazima kwa magari mapya ya daraja hili tangu Mei 2018), breki zinazojishika zenyewe likiona hatari mbele, na mifuko ya hewa pembeni hadi safu ya tatu. Kasoro yake ni bei: Suburban mpya inaanzia juu ya dola 60,000.

*Robo tatu tani:* La karibuni kabisa ni la 2013. Mfumo wa kuzuia gari kuteleza na kupinduka ulikuwa wa lazima kwa magari mapya ya uzito huu kuanzia toleo la 2012, na Suburban 2500 za mwisho zinao. Excursion haina. Kwa gari refu lenye watu tisa, mimi hilo linanipa mashaka kuliko mafuta yote ya Kansas. Kutu ni jambo jingine: gari lililoishi Minnesota au Ohio limekula chumvi ya barabarani kila baridi, na mabomba ya breki ndiyo huanza kuoza. Tafuta lililokaa Texas au Arizona, na bado lala chini ulitazame tumbo.

Kwa hali yako

Familia ya watu sita au saba, mabegi, hakuna tela: nusu tani inakutosha na chenji inabaki. Chukua toleo jipya kadiri mfuko unavyoruhusu, hasa kama safu ya tatu wanakaa vijana wakubwa au wazee.

Wanane au tisa na tela dogo mara moja moja kwa mwaka: nusu tani bado inawezekana, mradi upime kwanza. Ondoa keria, hamishia mabegi kwenye tela, mengi zaidi yakae mbele ya ekseli yake, au gawaneni mzigo na ndugu wanaoenda huko huko. Safari za harusi na misiba hazikosi msafara.

Tela la kulala la pauni 6,000 na zaidi, kila likizo, nyumba imejaa watoto: hapa robo tatu tani inastahili usumbufu wake. Suburban 2500 ya 2010 hadi 2013, ya jimbo lisilo na chumvi, ndiyo ningeanza kuitafuta. Tenga fedha za tairi, shokapu na breki siku ile ile ya kununua.

Bajeti chini ya dola 15,000 na fundi unayemwamini: zote mbili ziko mezani, ila chagua kwa hali ya gari, siyo kwa daraja. Nusu tani iliyotunzwa inaishinda robo tatu iliyochoka, na kinyume chake.

Kumi na kuendelea, kama familia nyingi za ndugu zetu Wakongo hapa Fort Worth: acha mjadala huu wote, kaangalie basi dogo la watu 12 au 15, Ford Transit au Chevrolet Express. Lisome kibandiko chake nalo. Viti kumi na tano si ruhusa ya watu wazima kumi na tano na mabegi yao.

Na kama unawaza kulitumikisha hapa miaka michache kisha ulipeleke Mombasa: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa, wala usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Robo tatu tani zote zimeshapita umri huo, na hata nusu tani mpya ina usukani upande usiotakiwa.

Sisi tulibaki na nusu tani yetu. Shemeji, anayevuta tela la kulala kila Julai, alinunua 2500 yenye nati nane, na masufuria ya pilau siku hizi husafiri kwake.